Inayolia ni ya Kulia

Wa kwanza kulisikia gari langu likilia alikuwa mama mkwe. Ilikuwa Ramadhani, nampeleka kufuturu kwa dada yake Tabata. Tulipokata kona ya mtaani kwao, chini kukalia ka-ka-ka-ka, kama mtu anayetafuna bisi. Mama mkwe akasimamisha tasbihi.

"Mwanangu, hili gari nalo limefunga?"

Nikamwambia ni mawe. Palikuwa na lami.

Fundi wa kwanza alitikisa tairi akasema bolijointi. Nikalipa. Wa pili akasema stabilaiza linki. Nikalipa. Wa tatu hata hakuinama, alinisikiliza tu nikiigiza mlio kwa mdomo, akatangaza, "Shokapu hizo, bosi." Huyo nilimlipa nusu, maana akili ilishaanza kunirudia. Gari likawa jipya mbele kote, isipokuwa mlio.

Mke wangu akauliza, "Mbona likinyoosha halilii?" Nikamjibu kwamba magari yana mambo mengi. Jibu hilo bado linanidai.

Mzee mmoja wa Gerezani ndiye aliyenipa dawa bila kushika spana. Nitafute uwanja mtupu, nizime redio, nishushe vioo, nikate usukani hadi mwisho, kisha nizunguke polepole. Kushoto kwanza, halafu kulia. Jumapili asubuhi nikaingia uwanja wa shule. Kushoto: ka-ka-ka-ka. Kulia: kimya. Ili kujiridhisha nikarudia, na kurudia tena, mpaka chai ikanipanda kooni. Watoto waliokuja kucheza mpira wakajipanga mstarini.

"Anko, breki zimegoma?"

"Mwache, anajifunza."

Mzee alifurahi kama daktari aliyeletewa majibu ya maabara. "Ukikata kushoto, uzito unalielemea tairi la nje. Kwa hiyo sivijointi inayolia ni ya kulia." Akanichungulisha nyuma ya tairi: mpira unaoifunika umechanika, grisi imerukia rimu yote kwa ndani. Mle ndani, akasema, mna gololi sita zinazotembea kwenye mifereji yake. Grisi ikitoka na mchanga ukiingia, zinakula chuma. Ningeubadilisha mpira mapema, jointi ingepona. (Lingekuwa linagonga ninapokanyaga na kuachia mafuta, angeanza na jointi ya ndani, upande wa giaboksi. Nilishukuru kwamba langu lina ugonjwa mmoja.)

Akamwita kijana wake. "Fungua ya kulia." Kisha akaenda kuswali Adhuhuri.

Kijana alifanya kazi safi, sina la kumlaumu. Alipiga jeki, akafungua nati kubwa ya katikati, akachomoa shafti. Hata akanipa habari njema: "Bosi, una bahati, mpira wa hii ulikuwa bado mzima!" Nikacheka naye. Nikampa na ya soda.

Siku ya Idi nikampakia mama mkwe, safari hii kwa majivuno, vioo chini. Tukafika kwenye kona ileile, nikakata kushoto.

Ka-ka-ka-ka.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mwezi umeandama, lipe lile."

Nilirudi Gerezani nikiwa nimevimba. Kijana alinisikiliza kwa heshima zote, akaenda kusimama mbele ya gari, uso kwa uso na taa zake, akanyoosha mkono wake wa kulia.

"Kulia kwa nani, bosi?"