Kana Iliyomchapa Mkwe

Kanzu ya baba mkwe imelowekwa tangu jana na michirizi haitoki. Alikuja nayo Jambiani nyeupe pepepe, akataka tumpeleke harusini Paje kwa ngalawa na, kama kila mzee aliyewahi kuvua, ashike usukani mwenyewe. Akaikumbatia kana, mpini wa usukani, kwapani. Nimeizungushia uzi wa pamba kwa mafundo ya mapambo, nikaulinda kwa vanishi ambayo kopo linaapa hukauka kwa saa 4.

Kopo hilo halijawahi kufika baharini. Tuliposhuka, mistari ya kahawia ilimtambaa mzee kutoka mbavuni hadi mgongoni, imepangana sawasawa. Harusini watu walimtazama yeye, kisha wakanitazama mimi. Bibi mmoja akauliza kwa huruma, "Nani kakuchapa, baba?" Mkwe, ambaye neno lake moja lingeniokoa, akaendelea na pilau. Baada ya dua wazee wakaniita pembeni kunikumbusha heshima ya wakwe.

Mchawi ni chumvi. Uzi wa pamba ukilowa hunenepa, na ukinenepa hufupika, ndipo hubana mti. Adhuhuri hukauka, hulegea, mizunguko ikasuguana. Maji huondoka, chumvi hubaki, na chembe zake hukereza nyuzi kama tupa. Usiku chumvi hiyohiyo huvuta unyevu wa hewani. Uzi unalowa bila tone la mvua. Ukiuziba kwa vanishi, unyevu umefungiwa ndani. Ukihamia nailoni, nayo huliwa na jua.

Usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, ndio kiboko ya chumvi. Makumbi huzikwa ufukweni, bahari ikapanda na kushuka juu yake kwa miezi, nyama ikaoza. Kinamama huyafukua, huyaponda kwa rungu, husokota kamba. Mitepe, vyombo vya kale, ilishonwa kwa kamba hizo, bila msumari. Uzi uliokwishazikwa baharini utaogopa nini?

Mimi nilihangaika na mengine kwanza. Kabla ya vanishi nilipaka sifa, mafuta ya papa: paka wa kijiji kizima wakahamia ngalawani.

Nikashona ala ya turubai: mwizi akachukua ala, akaniachia uzi.

Leo asubuhi nikaenda kwa jirani kuomba pima chache za usumba. Zimekwisha; hoteli imezoa zote, kwa bei isiyomlipa hata jasho la kuponda. Wameziviringa kwenye nguzo za baa, chini ya makuti, zisikopigwa na jua wala chumvi. Sisi wenye vyombo tumebakishiwa makopo yaliyotengenezewa milango.