Doti Moja, Watoto Wawili

Mama yangu ana jicho ambalo halijawahi kukosea, na kama limewahi, hakuna aliyethubutu kumwambia. Akikaa barazani kwetu Mtaa wa Sikukuu anamtambua mpita njia kwa kisogo tu: huyu wa Rufiji, yule baba yake Mnyamwezi, huyo anayejifanya wa mjini amekuja na lori la mahindi juzi. Kwa hiyo mwaka 2012 mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa tatu, wa kwanza wa kiume, nyumba nzima ilisubiri jicho lile litamke.

Teksi ilisimama mlangoni kwenye saa nane mchana. Vigelegele vikapanda mpaka wauza mitumba wa mbele wakageuka. Mzee akampokea mtoto, akaelekea kibla, akamwadhinia sikio la kulia, akamkimia la kushoto. Shangazi akamlambisha tende. Kisha mtoto akawekwa mapajani mwa Mama, na ukaguzi ukaanza.

"Pua ya marehemu kaka yangu wa Kisarawe," akasema. "Masikio ya upande wa Mzee. Hivi vidole nani asiyevijua? Mzaramo kamili huyu, hana kiraka."

Mke wangu alikuwa amekaa kitandani, chumba cha kwanza kushoto ukiingia ukumbini, ameshika bakuli la uji wa pilipili manga. Akasema, taratibu, "Mama, mbona kama amezidi uzito tangu jana?"

"Uchovu wa uzazi huo, mwanangu. Kunywa uji."

Ndani ya teksi alishalisema, na Shangazi akamjibu vivyo hivyo. Mpaka leo mke wangu akitaka kunishinda katika jambo lolote, hata bei ya mkaa, ananikumbusha kwamba alisema mara mbili.

Saa kumi na nusu Shangazi akamtoa mtoto uani kumwogesha. Beseni la bluu, maji ya uvuguvugu, sabuni ya kipande. Akavua soksi ya mguu wa kushoto, akakuta plasta imezungushwa kwenye kifundo, juu yake maandishi ya kalamu. Miwani hakuwa nayo. Akamwita binti yangu mkubwa, wakati huo yuko darasa la tatu, amsomee. Binti akachuchumaa, akasoma kwa sauti ya darasani, silabi moja moja: "Mto-to wa..." Likafuata jina la kike la Kikristo, refu, ambalo ukoo wetu wote kuanzia Kisarawe hadi Kariakoo haujawahi kuwa nalo.

Maji yakaendelea kudondoka kwenye kiwiko cha Shangazi. Mama akatoka ukumbini, akamtazama mtoto kwa muda, akasema, "Lakini mimi ile pua niliitilia shaka."

Ilivyotokea ni rahisi hadi inauma. Asubuhi ile watoto walipelekwa pamoja kupimwa uzito, kuchomwa chanjo ya kifua kikuu begani na kudondoshewa ya polio mdomoni. Hospitali ile, ambayo jina lake naliacha, ilikuwa imejaa, na akina mama wamelala wawili wawili. Plasta ya mtoto wetu ilishabanduka usiku. Kilichobaki kumtambulisha ni kanga. Kanga yenyewe ilikuwa imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE, rangi ya zambarau na njano, nimeinunua mwenyewe Mtaa wa Uhuru kwa muuzaji aliyeniapia kwamba ni toleo jipya, mjini hakuna mwingine atakayekuwa nayo. Kumbe baba mwingine naye kaapiwa.

Tukarudi hospitalini, mimi, mke wangu, Shangazi na mtoto wa watu. Muuguzi wa zamu akafungua daftari. Wetu alizaliwa na kilo 2.9, huyu 3.6. Mke wangu akanitazama, hakusema neno. Anuani ya wale wenzetu: Mtaa wa Livingstone, ghorofa ya tatu. Yaani tumepanda teksi mpaka hospitali kumtafuta jirani ambaye kutoka kwetu ungemfikia kwa miguu kabla chai haijapoa. Muuguzi akapiga simu. Baba wa huko akasikiliza maneno "mtoto wako amebadilishwa", akajua ni tapeli, akakata. Akapigiwa tena, akatukana, akazima kabisa. Ikabidi muuguzi aingie kwenye teksi na daftari lake kifuani.

Ngazi za ghorofa lile zilinukia mtori. Mlango ulipofunguliwa nilimwona mwanangu. Alikuwa mikononi mwa bibi mmoja wa Machame aliyeshuka na basi kutoka Moshi siku tatu kabla kuja kumwuguza mkwe wake. Mtoto alishapewa jina la babu yake mzaa baba, kama ilivyo desturi yao, na mzee wa kanisa alishapita kumwombea. Bibi hakungoja tujitambulishe, akadhani tumekuja kutoa pongezi.

"Karibuni, karibuni. Njooni muone paji la babu yake hili."

Shangazi uvumilivu ukamwishia. "Shikamoo mama. Hilo paji ni la Kisarawe."

Sitasimulia yote yaliyosemwa dakika zile kumi, kwa sababu watu wenyewe sasa tunapikiana pilau. Niseme tu kwamba mila zote mbili zilifukua ghala zao. Shangazi alikuwa ameshampaka mtoto wao wanja kwenye paji la uso, doa jeusi la kuzuia kijicho. Yule bibi alipoliona akarudi nyuma hatua mbili. Alikuwa amesikia mambo ya Wazaramo. "Mmemfanyia nini mtoto?" Na sisi tuliporudi nyumbani na mwanetu, swali la kwanza la Mama halikuwa kama mzima. Lilikuwa, "Wamemlambisha nini?" Naye alikuwa amesikia mambo ya Wachaga na mbege. Mtoto hajamaliza siku mbili duniani, tayari kashukiwa kwa uchawi na kwa pombe.

Mle chumbani ni akina mama wawili tu ambao hawakubishana. Walikaa kwenye ukingo wa kitanda kimoja, wakapeana watoto kwa wakati mmoja, wakafungua plasta, wakakagua nyuma ya masikio, na kila mmoja akaanza kumnyonyesha wa kwake huku akimtazama wa mwenzake. Yule wa Livingstone akauliza, "Wangu alinyonya vizuri kwako?" Mke wangu akajibu, "Ana njaa huyo, dada, atakumaliza."

Jibu hilo ndilo lililomkosesha Mzee usingizi. Sisi ni Mashafii, na kwetu ziwa si maziwa tu. Mtoto akinyonya kwa mwanamke mara tano kamili kabla hajatimiza miaka miwili, amekuwa mwanawe wa kunyonya, na binti za mwanamke huyo ni dada zake, hawaoani. Baada ya Isha Mzee akamwita mke wangu, akamkalisha, akataka hesabu. Saa tatu asubuhi, mara moja. Kabla ya kutoka hospitali, ya pili. Walipofika nyumbani, ya tatu. Adhuhuri iliyochelewa, ya nne. Na ile ya uani kabla ya kuoga, alinyonya akashiba au alishika tu akaachia? Mke wangu hakukumbuka. Shehe alipoulizwa alisema panapokuwa na shaka katika idadi, undugu hauthibiti. Mzee akapumua. Mama akasema yeye alikuwepo, ya tano ilikuwa kamili, na shehe hakuwepo. Tangu siku hiyo kwa Mama kijana wa Livingstone ni mjukuu, mwenye haki ya kukaripiwa.

Ungedhani mambo yakaishia hapo. Yakaanza.

Mwanetu alikua mweupe. Si mweupe wa Kizungu, ila kwenye nyumba yetu anaonekana kama taa. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba ukoo ukimshuku mtoto, hauanzi na daftari la hospitali, unaanza na mama yake. Shangazi yuleyule aliyekuwepo ghorofani, aliyesoma paji la Kisarawe kwa macho yake, siku ya arobaini ya msiba mmoja akaninong'oneza: "Mwanangu, na yule mama ulimwuliza vizuri?" Nikamjibu kwa alilonifundisha mwenyewe: kitanda hakizai haramu. Akanyamaza, lakini kunyamaza kwa Shangazi nako kuna maandishi kama kanga.

Baadaye nikasoma habari ya Ufaransa, nikamsomea mke wangu kwa sauti. Mwaka 1994, kusini kwa nchi ile, watoto wawili wa kike waliotibiwa umanjano kwa mwanga walirudishwa kwa mama wasio wao. Mmoja akakua na rangi isiyofanana na ya nyumbani, na majirani wakamsema mama yake kwamba amezaa na tarishi wa posta. Baba alipopima ikaonekana mtoto si wake, na si wa mama pia. Mwaka 2015 mahakama ikaamuru familia zilipwe fidia ya karibu euro milioni 1.9, watoto wakabaki kila mmoja alipolelewa. Mke wangu akauliza, "Na yule mama, majirani walimlipa ngapi?"

Mwaka 2019 redio zote zilijaa habari za Kakamega. Wasichana watatu wa Kenya, wote wamezaliwa 1999 katika hospitali moja. Wawili wanafanana kama sarafu lakini wamelelewa mbalimbali, mmoja wao akiambiwa miaka yote kwamba pacha wake ni yule wa tatu. Walikutana Facebook kwa sababu watu waliwachanganya, na vipimo vya vinasaba vikathibitisha. Mwanangu alikuwa na miaka saba, na wiki hiyohiyo alikuwa ametangaza kwamba yeye ni Yanga. Katika nyumba ya Simba, mita chache kutoka Msimbazi! Shangazi akaunganisha habari mbili hizo kwa kasi ya ajabu. "Tukapime," akasema. "Damu haidanganyi."

Basi nikaenda kuuliza. Kwetu kipimo cha vinasaba hununui dirishani kama dawa ya malaria. Iko sheria ya mwaka 2009, maabara ni ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na ombi hupitia kwa wanaotambuliwa: mahakama, polisi, wakili, daktari, ustawi wa jamii na wengine wa namna hiyo. Afisa ustawi wa jamii, mama mtu mzima mwenye kalamu sikioni, akatusikiliza familia zote mbili, kwani wa Livingstone nao tulikwenda nao, bibi wa Machame akiwa amevaa kitenge cha kanisani. Akauliza, "Mlalamikaji nani?"

Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akamtazama mwenzake.

"Mimi sina lalamiko," akasema yule wa Livingstone. "Nilimnyonyesha huyu, namjua, na wangu namjua."

Nikakumbuka ya Assam, India. Familia moja ya Kiislamu na moja ya Kihindu ya kabila la Bodo walipata watoto mwaka 2015, wakabadilishiwa, wakaja kuthibitisha kwa vinasaba. Mapema 2018 walipokutana mahakamani kubadilishana, watoto wale wakalia na kung'ang'ania shingo za waliowalea, wazazi wakaondoka na waliokuja nao. Nilifungua mdomo nisimulie, afisa akafunga faili. Bibi wa Machame akamshika mkono Mama yangu wakashuka ngazi pamoja, wakilalamikia magoti.

Siku hizi vijana wako sekondari. Wa Livingstone ni Simba wa kufa, jambo ambalo Shangazi amelihifadhi kwa matumizi ya baadaye. Idi wanakula kwetu, Krismasi kwao, na Mama huwaambia wageni, "Huyu aliadhiniwa hapa hapa, sikio la kulia," na mama yake Mlutheri hucheka, humwongezea biriani.

Kuhusu mtoto, Mama amekubali. Kilichobaki ni kanga. Ile siku ya mabadilishano watoto walirudishwa wakiwa wamefungwa kwenye kanga walizokuja nazo, na zote ni zambarau, zote ni MGENI NJOO. Kila mwaka Mama huitoa sandukuni, huinyoosha barazani, huchungulia pindo kwenye mwanga. Kisha hutuma mjukuu Livingstone kuuliza kama wameshaangalia vizuri, kwa sababu hii si yetu. Yetu ilikuwa mpya zaidi.