Sifa za Upele, Mpangaji Asiye na Makuu

Magonjwa mengine ya huku kando ya Ziwa Victoria yana majivuno. Kichocho kinataka ukifuate majini, kwenye konokono wake. Malaria haitembei bila mbu. Upele hauna makuu: unataka tu watu walale pamoja, na kwa hilo sisi wa Buswelu hatujambo. Chumba cha kupanga, kitanda kimoja, watoto wanne, shuka moja, na shemeji aliyekuja kutoka Ukerewe kwa siku mbili, sasa anamaliza mwaka. Wengine wanaita msongamano. Upele unauita udugu.

Tazama unyenyekevu wake. Jike la utitiri wa upele halifiki nusu milimita. Linachimba njia yake kwenye tabaka la juu la ngozi, katikati ya vidole, kiunoni, na kule kusikotajwa mbele ya wakwe, linataga mayai mawili matatu kwa siku, na baada ya mwezi mmoja au miwili linafia kazini. Mgonjwa wa kawaida hubeba wadudu 10 hadi 15 tu. Nionyesheni ofisi yenye watumishi 15 inayoweza kukesha na familia nzima kila usiku, bila posho! Tena una subira. Aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza huanza kuwashwa baada ya wiki nne hadi sita, akiwa ameshamgawia shangazi.

Duniani, wakati wowote, watu zaidi ya milioni 200 wanao. Hata hivyo ni mwaka 2017 tu Shirika la Afya Duniani lilipouingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Kabla ya hapo ulikuwa umesahauliwa hata na waliokuwa wakiwahesabu waliosahauliwa.

Umewahi pia kuonewa. Kati ya 2001 na 2006 Zanzibar iliwagawia wananchi ivermectin na albendazole kupambana na matende. Hakuna aliyeutangazia upele vita, ulikuwa unapita njia zake. Vituo vya afya vilipohesabu wagonjwa, wa upele walikuwa wamepungua kwa asilimia 68 hadi 98. Kufa kwa risasi ya mwenzio, huo ni uungwana gani?

Huku kwetu tunautendea kwa adabu. Dawa iliyozoeleka ni BBE, ile nyeupe kama maziwa. Unaambiwa uipake kuanzia shingoni hadi kidole cha mwisho cha mguu, na kila anayeishi humo ndani apakwe siku hiyohiyo, hata asiyewashwa, na shuka zifuliwe kwa maji ya moto. Lakini dawa inachoma, na chupa tumenunua moja. Basi anapakwa mtoto peke yake, pale anapojikuna tu. Baba anasema yeye hana. Baba anao. Wiki chache baadaye mtoto anaanza upya, na lawama zote zinamwendea muuza duka la dawa. Wengine hukimbilia krimu za mchanganyiko zenye steroidi: muwasho unatulia kidogo, utitiri unaendelea kuchimba kwa raha zake.

Mikwaruzo hufungua njia ya vidonda na maambukizi ambayo mara nyingine huishia kudhuru figo za mtoto. Lakini anayesoma wasifu wa marehemu hataji madeni yake.

Mlinzi wake mkuu ni aibu. Tumeaminishana kuwa ni ugonjwa wa wachafu, ingawa utitiri haujali umeoga mara ngapi. Kwa hiyo kwangu ni aleji, kwako ni maji ya kisima, kwa mwalimu ni damu chafu.

Ninayemhofia, kwa niaba ya upele, ni mama wa aina moja: anayepaka nyumba nzima, shemeji akiwemo, anaanika magodoro uani mchana kweupe, kisha anapiga hodi kwa jirani. “Mama Neema, kwangu tuna upele, na watoto wetu wanalala pamoja. Nimekuletea chupa.”