Mtandao Umesingiziwa Tena

Hapa Juba mtandao ni mshitakiwa wa kudumu. Mshahara ukichelewa, mtandao. Mchumba asipojibu ujumbe, mtandao. Mtu akikosa kwenda kazini Jumatatu, atatafuta njia lawama ifike kwenye mnara wa simu. Kwa hiyo spika yetu ya bluetooth ilipoanza kukatakata sauti, hukumu ilitoka kabla shauri halijasikilizwa. "Shabaka mafi," akasema mwenye nyumba wetu, yaani mtandao hakuna, akarudi kwenye chai yake.

Nikajitolea kuwa wakili wa mshitakiwa. Hebu fikiria safari yenyewe. Mtangazaji wa mpira ameketi Dar es Salaam. Sauti yake inageuzwa tarakimu, inapitia seva iliyoko nchi asiyoijua hata yeye, inapita chini ya bahari kwa nyaya ambazo zimekuwa zikitua pwani yetu tangu mwaka 2009, halafu inaingia Juba kutoka Uganda kwa nyaya za nuru zilizoanza kazi mwaka 2020. Haikukwama baharini. Haikuombwa karatasi mpakani. Haikusimamishwa kwenye vizuizi vya barabara ya Nimule, kilomita 192, ambavyo lori la vitunguu sharti livisalimie kimoja baada ya kingine. Imefika kwenye simu iliyo mezani kwangu, nzima, haina hata mkwaruzo. Kutoka mezani hadi kwenye spika iliyo juu ya friji ni hatua chache tu. Hapo ndipo inapopotea.

Tatizo la aina hii Juba halikosi mabingwa, maana ua mmoja hubeba watu wa nchi tatu nne, na kila nchi imekuja na tiba yake. Shemeji, aliyelelewa Kampala, anaamini katika kofi: la kwanza ubavuni mwa spika, la pili chini. Jirani kutoka Eritrea ni wa madhehebu ya kuzima na kuwasha. Mwenye nyumba alishauri spika igeuzwe ielekee Jebel Kujur, kwa hoja kwamba mlima hurudisha sauti. Tukaipeleka hatimaye kwa fundi wa simu soko la Konyo Konyo. Akaitikisa, akainusa, akatamka: "IC imeungua," yaani chipu ya ndani. Kwa fundi huyu IC huungua katika kila kitu. Mpelekee pasi, IC. Mpelekee feni, IC. Nina hakika ukimpelekea mtoto mwenye homa atauliza kama IC yake imekaguliwa.

Kipimo kilikuwa rahisi na hakikuhitaji fundi. Nilizima data, nikapiga wimbo uliokuwa umehifadhiwa ndani ya simu. Spika ikakatakata vilevile. Mtandao haukuwepo kabisa katika tukio hilo, na mahakama yoyote ingemwachia mteja wangu papo hapo. Kumbe njia ni mbili. Ya kwanza inatoka duniani hadi kwenye simu. Ya pili inatoka kwenye simu hadi kwenye spika. Watu wote tunailaani ya kwanza, na mara nyingi mchawi yuko kwenye ya pili.

Bluetooth husafiri kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na masafa hayo yamejaa kama soko la Custom siku ya Jumamosi. Ndimo ilimo waifai ya ruta nyingi, ndimo yalimo majiko ya maikrowevu. Ili isigongane na wengine, bluetooth huruka kutoka chaneli moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde, ikichagua katika chaneli 79. Ni kiumbe mwenye bidii. Lakini bidii ina mwisho, na mwisho wake ulikuwa juu ya friji letu. Kwa kuwa soketi inayofanya kazi ni moja, ruta nayo ilikaa hapohapo, ubavu kwa ubavu na spika, ikiipigia kelele usiku na mchana. Nyuma yao ukuta wa mabati, chini yao bati la friji. Mawimbi hayapendi chuma.

Halafu kuna mwili wa binadamu. Sehemu kubwa ya mtu ni maji, na maji huyafyonza mawimbi hayo. Shemeji ni mtu wa afya njema, alhamdulillahi. Akikaa kati ya meza na friji, kwaya nzima inanyamaza. Akiinama kufunga kamba za kiatu, inarudi kwenye kiitikio. Tukamwomba kwa adabu ahamie kiti cha pembeni. Akauliza kama hiyo ndiyo njia mpya ya kumfukuza mgeni. Dada yake hakusema na mimi mpaka jioni.

Jua nalo halikukaa nje ya kesi. Mwezi Machi 2024 serikali ilifunga shule nchini kwa sababu ya joto lililotabiriwa kufika nyuzi 45. Simu iliyolazwa dirishani kwenye nyumba ya mabati siku kama hizo hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na sauti huanza kuburuta miguu. Umeme ukikatika, tukihama kutoka jenereta kwenda sola, ruta huzimika na kuanza maisha upya kwa mwendo wa bibi harusi. Na simu nyingi zina kile kipengele cha kuokoa betri: kioo kikizimika, simu inaamua kwamba muziki ni anasa, inaukata.

Lakini kisa kilichoifanya spika hii ijulikane mtaa mzima ni cha ng'ombe. Mwenye nyumba alikuwa na kikao cha posa ya mpwa wake wa kike, akatuomba spika ipige nyimbo za injili kwa sauti ya chini wakati wazee wakizungumza. Tukaiunganisha na simu yake. Mambo yakaenda vizuri hadi alipopigiwa simu, naye kwa heshima ya wageni akatoka kwenda kuipokea nje, mbali, ng'ambo ya lango. Bluetooth ya vifaa vidogo huhesabiwa kufika mita kumi hivi. Spika ikabaki yatima. Spika ikibaki yatima hurudi kwa mtu yeyote iliyewahi kumfahamu, na nyuma ya ukuta mpwa wangu alikuwa anasikiliza mechi ya Simba na Yanga.

Ndani, mjomba wa bwana harusi alikuwa amesafisha koo na kutaja idadi ya ng'ombe. Kimya kikatanda. Spika ikajibu kwa Kiswahili, kwa nguvu zake zote: "Haingii! Haingii hiyo!"

Wazee wakatazamana. Wengi hawakuelewa, ila upande wa bibi harusi ulikuwa na mzee mmoja aliyekaa miaka mingi kambini Kakuma, na Kiswahili anakijua kuliko mimi. Akawatafsiria wenzake taratibu, bila kutabasamu, kwamba hata chombo kimeona ni kidogo. Mjomba akaongeza ng'ombe. "Bado, bado kabisa, wanajipanga upya," mtangazaji akaendelea. Akaongeza tena. Mwenye nyumba aliporudi alikuta bei imepanda na mpira umetoka kuwa kona. Tangu siku hiyo hana tena neno baya juu ya spika yetu. Posa ya mpwa wake wa pili inakaribia, na ameshaniuliza, kama kwa bahati, ratiba ya ligi ya Tanzania ikoje mwezi huo. Nilimkumbusha tu aangalie saa vizuri, maana tangu Februari 2021 Juba iko nyuma ya Dar kwa saa moja, na mechi ya saa kumi na moja kwao ni ya saa kumi kwetu. Akaandika pembeni ya orodha ya wageni.

Kwa hiyo, msomaji, sauti ikikatika nyumbani kwako, usikimbilie kubadilisha laini wala kumpelekea fundi IC. Zima data, piga wimbo uliohifadhiwa. Ukipita salama, mkosaji ni mtandao, mlaani kwa roho safi. Ukikatika, basi toa ruta kando ya spika, shusha spika kutoka kwenye friji, ruhusu programu ya muziki ifanye kazi kioo kikizimika, futa simu za watoto kwenye kumbukumbu ya spika, na mwombe shemeji asogee, ukimwanzia na chai. Mtandao wa Juba una makosa yake ya kutosha. Usiubebeshe na ya friji.