Barua ya Wazi kwa Kamati ya Programu za Simu za Wakulima

Kwa Waheshimiwa Wajumbe,

YAH: PONGEZI KWA KUWAUNGANISHA WASIOSOMA KWA NJIA YA MAANDISHI

Barua hii inaipongeza kamati kwa kuwabunia wakulima wasiosoma vizuri mtandao wa kijamii, yaani jukwaa la simu ambamo watu hujuana na kupashana habari, na kisha kuulinda mtandao huo dhidi ya wakulima hao hao kwa fomu inayodai barua pepe na neno la siri lenye herufi kubwa, tarakimu na alama. Sifa ziiendee pia picha ya disketi kwenye kitufe cha kuhifadhi, kifaa ambacho hata watoto wa wajumbe hawajapata kukiona, pamoja na akaunti ya mtu mmoja, inayowalazimu mume, mke na kijana wao wenye simu moja kuwa mtu mmoja.

Kwa bahati mbaya, wapo wanaoukiuka utaratibu huu. Mwaka 2011 wakulima wa Chambezi, wilayani Bagamoyo, katika mradi wa Sauti ya Wakulima, walipokezana simu chache, wakapiga picha mashambani na kuziambatanishia maelezo ya sauti, bila kusubiri kufaulu insha. Huko Gujarat, India, huduma ya Avaaj Otalo iliwawezesha wakulima kupiga simu, kurekodi swali na kusikiliza majibu, hivyo hata kitochi, yaani simu ya vitufe isiyohitaji intaneti, kikatosha. Nchini Tanzania wapo waliokariri *150*00#, namba ya kutuma pesa kwa simu, na namba zote zinazofuata hadi pesa ifike, jambo linaloonyesha kwamba kisichosomeka hukaririwa, mradi mpangilio usipinduliwe kila mwezi kwa jina la maboresho.

Mkulima ambaye mahindi yake yametobolewa na viwavijeshi vamizi, wadudu walioripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, anataka kuonyesha jani, kueleza kwa mdomo na kujibiwa na mwenzake au afisa ugani kabla kiwavi hajazama kwenye moyo wa mmea. Anapokwama kwenye fomu, ripoti humwandika kuwa hana mwamko wa teknolojia.

Kwa hiyo, kabla ya kuidhinisha fedha za awamu ya pili, wajumbe wanaombwa kwenda shambani saa sita mchana wakiwa na simu moja ya kuazima, bando linaloelekea kwisha na programu iliyoandikwa kwa lugha wasiyoisoma, wajisajili humo, na atakayeshindwa aandikwe vivyo hivyo kwenye ripoti.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Wakulima Ambao Usajili Wao Haujakamilika