Maombi ya kazi ya upagazi, kituo cha Tabora

Mheshimiwa Katibu,
Bodi ya Ajira (jina kamili limehifadhiwa kwa usalama wa mwombaji),
S.L.P. mnayoijua wenyewe,
TABORA.

YAH: MAOMBI YA KAZI YA UPAGAZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, mimi ni Mtanzania, mwanamume wa miaka 47, mwenye afya njema na akili timamu kwa mujibu wa mke wangu, ambaye ni muuguzi na kwa hiyo ana sifa za kulisema hilo. Nimekulia Tanga, na huko nilikuwa natunza stoo ya kampuni ya watu. Mke wangu alipopangiwa kituo Tabora tulikaa kikao cha familia, tukaona nyumba haigawanyiki, nikaaga kazini, tukapanda basi. Nafahamu kwamba utumishi wa umma una utaratibu mzuri wa mtumishi kuhamia alipo mwenza wake. Stoo yangu haikuwa ya umma. Mwenza nimemfuata, utaratibu haukunifuata.

Naomba kazi ya upagazi. Najua haijatangazwa. Matangazo mliyobandika nimeyasoma yote, hata yale ambayo jua limeyafuta nusu, na katika kila moja nimekosa kitu. Nikaona ni busara niombe kazi ambayo mji huu ulikuwa ukiwapa wageni kabla jengo lenu halijapakwa chokaa.

Pengine faili hilo limepotea, basi nikukumbushe. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikuwa lazima ipumzike hapa Unyanyembe. Mizigo ilishushwa, watu wakalipwa, wengine wakaacha, wengine wakaandikwa. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora hii hii, Novemba 1857 walikuta biashara ya watu kuajiriana imeshakomaa zamani. Aliyetaka mpagazi alitazama bega na miguu. Mzigo ulikuwa kilo 30 hivi, pembe za ndovu au vitambaa au shanga, na juu yake mpagazi akaongeza mkeka wake, chungu chake na unga wake. Malipo yalikuwa vitambaa, merikani na kaniki, na posho ya chakula ilitolewa kabla ya safari, siyo baada ya uhakiki. Asiyeridhika alitua mzigo akarudi kwao, bosi akabaki analalamika kwenye daftari. Madaftari hayo tunayasoma hadi leo, karibu kila Mzungu aliyepita hapa amejaza kurasa akinung'unika kwamba watu wa kubeba hawapatikani.

Dk. Livingstone mwenyewe aliachwa na Stanley hapa Machi 1872, akakaa kwenye tembe la Kwihara akisubiri wapagazi watoke pwani, na hawakufika hadi Agosti. Miezi mitano, Mheshimiwa, mwajiri amekaa barazani anasubiri waajiriwa. Naomba sentensi hiyo muipitie tena kwenye kikao cha Bodi, ikibidi kwa sauti.

Sisemi zama zile zilikuwa njema. Njia hiyo hiyo ilipitisha watu wenye minyororo shingoni, waliotwishwa mzigo bila kuuomba na mwisho wa safari wakauzwa pamoja nao. Hao ndio wafanyakazi pekee katika historia ya mkoa huu ambao hakuna aliyewadai wadhamini watatu. Ajira yao simtakii mtu. Ninachouliza ni kwa nini sisi tunaotaka kubeba kwa hiari yetu ndio tunaambiwa tuthibitishe kwanza kwamba si wageni.

Maana tangazo lenu la mwisho lilitaka barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Nikaenda. Mtendaji, mama mpole mwenye kalamu tatu na muhuri mmoja, aliniambia, "Kaka yangu, mimi sina neno, ila lete kwanza karatasi ya mjumbe." Mjumbe nilimkuta chini ya mwembe, baiskeli ameipindua magurudumu juu. Akanitazama toka kandambili hadi kofia.

"Shemeji," akasema, "wewe nakuona tu. Kukuona siyo kukufahamu."

Nikamuuliza atanifahamu lini. Akasema nikishapata shughuli hapa mtaani, watu wakanizoea. Nikamweleza kwamba barua ndiyo itakayonipatia shughuli. Akacheka hadi akafuta machozi kwa kiganja chenye grisi, kisha akaniomba nimshikie gurudumu akaze nati. Nikashika, akakaza. Kwa hiyo katika wasifu wangu niliouambatisha, pale penye uzoefu ndani ya mkoa, mtaona nimeandika: msaidizi wa fundi baiskeli, kwa kujitolea.

Mwenye nyumba angeweza kunishuhudia, lakini yuko Sikonge kwenye tumbaku na hatarudi mpaka majani yatoke kwenye bani. Isitoshe mkataba wa pango una jina la mke wangu. Yeye mtaa mzima unamfahamu, ni sista wa wodi ya wazazi, na nusu ya watoto wanaopiga kelele dirishani kwetu wamepitia mikononi mwake. Mimi nafahamika kama shemeji. Wazee wananiita shemeji, wauza mchicha wananiita shemeji, na juzi kuna mtoto wa chekechea kaniita shemeji na mama yake hakumkanya. Naomba mwongozo wa Bodi kama "Shemeji" linaweza kujazwa kwenye fomu mahali pa jina la kati.

Ili isionekane nalilia tumbo langu tu, nimechukua vigezo vyenu nikawasaili watu waliowahi kupata riziki kwenye njia hii. Matokeo yanasikitisha.

Henry Morton Stanley hapiti hata mchujo wa kwanza. Alizaliwa Wales mwaka 1841 akiitwa John Rowlands, na hilo Stanley alilipata Marekani. Majina ya kwenye cheti cha kuzaliwa na ya kwenye barua ya maombi hayalingani. Mnajua wenyewe kinachofuata: atafute wakili, aape, hati ya majina isajiliwe, na siku anarudi na muhuri wake anakuta dirisha limefungwa tangu Ijumaa. Livingstone wakati yuko Kwihara alikuwa na miaka 59, nanyi mmeandika mwombaji asizidi 45. (Hapo nilijisikia nina mwenzangu.) Na wadhamini wake wote wako Uingereza, na hata wao kwa muda mrefu hawakujua aliko.

Msiri je? Mtu wa huku huku Unyamwezi, mtoto wa mfanyabiashara wa misafara. Alihamia Katanga miaka ya 1850, akaanza na shaba na pembe, akaishia na ufalme, mpaka walipokuja kumuua watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji mwaka 1891. Kijana katoka Tabora, kafika ugenini, kapewa nchi! Angekuja kwenu mngemtaka alete uthibitisho wa kuongoza taasisi ya ukubwa huo kwa muda usiopungua miaka mitatu, akiwa na nakala zilizothibitishwa.

Faili lililonihuzunisha zaidi ni la Abdullah Susi na James Chuma. Bwana wao Livingstone alipofia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873, wao na wenzao waliukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba. Walipofika hapa Unyanyembe wakamkuta Mwingereza mwingine, Luteni Cameron, akawashauri wamzike hapa hapa mambo yaishe. Wakakataa. Februari 1874 wakaingia Bagamoyo na mzigo wao. Nimejaribu kuyaweka hayo katika lugha ya matangazo yenu: usafirishaji wa masafa marefu, utunzaji wa shehena inayoharibika, uwezo wa kufanya kazi bila kusimamiwa, uthabiti mbele ya kiongozi anayetoa maelekezo mabaya. Uamuzi wa Bodi: hawakuambatisha cheti cha kidato cha nne.

Halafu kuna hili la kwetu Tanga, ambalo nalileta kwa ustaarabu tu. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya bega ikaanza kufa. Vijana wa Unyamwezi wakageukia mkonge. Walikuja kwetu kwa maelfu, na bado wakahitajika zaidi, mpaka mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo kizima, SILABU, cha kwenda kuwatafuta watu mikoani na kuwasafirisha. Maisha ya manamba hayakuwa ya kuonewa wivu. Kipande kilikuwa cha siku 30 za kazi, miiba ya mkonge haikujua huruma, kambi zilijaa. Lakini hakuna mzee wa Muheza au Korogwe aliyemsimamisha mtu wa Tabora njiani akamwambia kukata mkonge kunataka mtu anayefahamika na mjumbe. Wengi hawakurudi. Wajukuu wao nimesoma nao, wamenifunga magoli, wamenikopa na hawajalipa. Wengine sasa ni wenyeviti wa vijiji huko Tanga, na ndio wanaogonga mihuri kwenye barua za utambulisho.

Nisije nikaonekana sina shukrani: jina langu liliwahi kutokea kwenye orodha ya wasailiwa, katika tangazo ambalo kwa bahati halikutaja umri. Lilieleza kwamba usaili utafanyika mji mwingine na kila msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Tukauza feni. Ukumbini tulikuwa wengi kuliko viti, wengine tunaandikia mapajani. Nafasi ilikuwa ya mtunza stoo, moja. Swali la kwanza liliuliza misingi ya utawala bora, na hakuna swali lililouliza unafanyaje panya wakiingia kwenye unga. Jibu la panya ninalo na ni refu. Nikarudi, na baadaye tangazo likafafanua kwamba ambao hawakuona majina yao wasisite kuomba tena. Bwana wa msafara, pamoja na ubaya wake wote, alikuwa anatoa posho kabla hujanyanyua mguu. Ninyi mmefika mahali ambapo mkataliwa ndiye anayelipia safari ya kwenda kukataliwa.

Kijana wa dirishani kwenu, ambaye simtaji kwa kuwa ana mama yake, alinishauri kwa upole kwamba dunia ya sasa siyo ya kusubiri ajira, mzee, jiajiri. Nimejiajiri. Nimeuza asali. Kila aliyesikia nahamia Tabora aliniagiza asali, nikajua soko ninalo. Kumbe soko lipo Tanga na mimi nipo Tabora, mahali ambapo kila jirani ana mjomba mwenye mizinga porini. Mama wa nyumba ya pili alinunua chupa moja kwa kunionea huruma. Kesho yake akaniletea dumu zima la kwao, bure, ili nionje asali yenyewe inavyokuwa. Nikaulizia ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Afisa alinitazama kwa muda mrefu, akitafuta mahali pa kuniweka, na niliona kabisa kwamba amejitahidi.

Mkoa huu, Mheshimiwa, ndio mkubwa kuliko yote Tanzania kwa eneo, zaidi ya kilometa za mraba 76,000, na sensa ya 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni 3. Mimi nimo, nilihesabiwa mwaka ule nikiwa Tanga lakini naamini nafasi moja haitaharibu hesabu. Siombi kiti kirefu wala ofisi yenye pazia.

Masharti yangu ni mepesi. Kilo 30 naziweza, magunia ya stoo yalikuwa mazito zaidi na hayakuwa na kirangozi, yule kiongozi wa msafara, wa kuyaimbia. Naweza kuanza kesho. Kama kada ya upagazi imefutwa, basi naomba Bodi ipokee ombi la pili, ambalo halihitaji bajeti: katika tangazo lijalo, mahali mnapotaka mwombaji "awe anafahamika", andikeni "awe tayari kufahamika". Mtashangaa mafuriko yatakayokuja. Wake wa askari waliohamishiwa huku, waume wa walimu, vijana wa Kigoma waliomaliza msimu wa tumbaku wakakosa nauli ya kurudi, wote wamekaa vibarazani na vyeti vyao ndani ya mifuko ya nailoni visilowe. Baadhi yao wanajua kazi kuliko waliopo. Sitaji ofisi.

Nikiitwa kwenye usaili nitafika, popote mtakapouweka. Ila safari hii naomba posho ya siku tatu itangulie, kama ilivyokuwa desturi ya njia hii, na kama Bodi haina fedha taslimu nitapokea kaniki.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Shemeji
(jina la kwanza na la mwisho yatawasilishwa mjumbe akishayathibitisha)

Viambatisho: wasifu, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa, kama uthibitisho wa sababu ya kuwepo Tabora, chupa moja ya asali, isiyo rushwa kwa kuwa mnayo nyumbani.

Nakala: Mjumbe wa mtaa, aje na baiskeli yake, gurudumu la nyuma bado linacheza.