Bosi, Usituongezee Siku

Watu wakisikia kwamba mimi na bosi wangu hatuivi chungu kimoja, wanadhani ni habari ya mshahara. Wala! Tunagombea kalenda.

Tunatengeneza programu za simu hapa Dar. Bosi alikwenda semina, akarudi na utaratibu wa sprinti. Kazi inapangwa kwa wiki mbili mbili. Zikiisha, mteja anaonyeshwa kilichokamilika, tunakaa kuambizana palipoharibika, kisha tunaanza nyingine. Nikasema, hapo sasa!

Na kweli ulitufaa. Mteja mmoja alitaka ripoti yenye michoro ya rangi, ya duara na ya nguzo. Siku ya maonyesho akaitazama, akakuna kidevu, akauliza: "Sasa mbona simwoni ambaye hajanilipa?" Kumbe shida yake ni majina ya wadaiwa na namba zao za simu, basi. Uchungu wa wiki mbili unamezeka. Wa mwaka mzima ungetukaba.

Lakini nani wa kumwambia bosi kwamba wiki mbili ni wiki mbili? Hata mkutano wa kila siku, ambao Ken Schwaber na Jeff Sutherland katika mwongozo wao wa skramu, yaani utaratibu huu wa sprinti, wameupa dakika 15, kwetu unafanywa wima mpaka chapati ziingie. Zikiingia, viti vinavutwa, tunajadili foleni ya Mwenge.

Siku ya mwisho inafika, ukurasa wa malipo bado. Bosi anakohoa: "Jamani, tuongeze siku tatu tu." Kwa mwongozo, kisichokamilika kinarudi kwenye orodha ya kazi, kinapangwa upya. Kwetu siku tatu zinazaa nyingine tatu. Mwingereza Parkinson aliandika katika The Economist mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka hadi ikajaza muda iliopewa. Ukituongezea siku, ukurasa wa malipo hauishi. Tunabishania rangi ya kitufe, na mteja anazidi kucheleweshwa kutuambia kwamba tumepotea.

Fundi cherehani mwenye nguo za Idi haombi mwezi uchelewe kuandama. Anaacha nakshi, anashona mikono, mtoto anakwenda kuswali amevaa.

Basi bosi, kama unasoma hapa: punguza kazi, siku ziache zilivyo. Na chapati zije mkutano ukishakwisha.